Gharama za Kufunga

Mkalimani wa simu aliniambia, "Mama, hizi
ni gharama za kufunga."
Nikamuuliza, kufunga nini?
Akanyamaza. "Kufunga nyumba," akasema.
Nikamjibu: lakini ndiyo kwanza nainunua.

Kiingereza nakijua, cha basi na cha mashuka.
Cha hati nilitaka mtu.

Mezani tulikuwa watatu na hiyo simu:
mimi, Saumu binti yangu, na Bi Marlene Ostrowski
wa ofisi ya hatimiliki, mjini Surprise, Arizona
(maana yake mshangao, sikulitunga mimi),
mwenye kalamu tano za buluu na bakuli la peremende.
Nje lami ilinuka kwa jua.
Ndani kiyoyozi kilinifanya nijifunike mtandio mara mbili.

Kufunga nakujua.
Nilifunga ndoa na Athmani kwa frasila moja ya mchele
na deni la mjomba ambalo hatukulimaliza.
Nilifunga safari. Nilifunga mizigo kwa kamba ya katani.
Nilifunga Ramadhani ishirini na tisa huko Columbus, Ohio,
nikikunja mashuka ya hospitali,
nikifuturu tende wima mbele ya mashine.
Saumu nilimzaa katika mmoja wa miezi hiyo.
Macho ya Athmani, mwaka juzi, Februari,
hayo hayafungwi, hufumbwa.
Niliyafumba kwa vidole hivi viwili.
Hilo nalo walileta ankara.

Kwa hiyo nilivaa miwani.

Hawakujua kwamba miaka ishirini na mbili
nilishika daftari la upatu wa wanawake kumi na wanane
na haikupotea hata senti.
Nikaanza juu, kidole kwenye mstari.
Bima ya hatimiliki: asije mtu kesho
akasema nyumba ilikuwa ya babu yake. Sawa,
natoka penye watu wanaoijua kesi hiyo.
Ada ya mtunza amana, anayeishika pesa
ili mimi na muuzaji tusishikane mashati.
Kodi ya kiwanja, muuzaji alipe siku zake, mimi zangu:
haki tupu, niliipenda hesabu ile.
Kisha mchango wa kuingia mtaa wa wastaafu,
dola elfu tatu na mia tano, hairudi,
ya bwawa ambalo sitalitia hata kidole.
Nikauliza: na asiyeogelea?
Bi Marlene akatabasamu
kama mtu aliyeulizwa hivyo Jumanne iliyopita.

Ukurasa wa tatu nikasimama.
Mjumbe wa kupeleka hati, dola arobaini na tano.
Mistari sita chini: mjumbe, dola arobaini na tano.
"Wajumbe ni wawili, au mmoja kaenda karudi?"
Mkalimani akacheka kabla hajatafsiri.
Bi Marlene akavuta karatasi, masikio yakamwiva.
Akamfuta mmoja.
Saumu akanifinya paja chini ya meza.

Lililonigharimu halikuwa kwenye hesabu.
Lilikuwa kwenye kanuni, ukurasa wa kumi na nne,
herufi za sisimizi:
aliye chini ya miaka kumi na tisa asilale hapa
zaidi ya siku thelathini kwa mwaka.
Nikamtazama Saumu. Saumu akatazama peremende.
Zayd wake ana miaka sita.
Hulala mguu mmoja juu ya tumbo langu.

Nilitia sahihi mara thelathini na moja
mpaka Mwanahamisi likawa jina la mtu mwingine.
Nikapewa funguo mbili na kadi ya geti.

Usiku, kwenye sakafu tupu, nikalitoa daftari la upatu.
Ukurasa mpya: Zayd, siku 30.
Desemba, kumi na moja.
Machi, shule zikifungwa, saba.
Julai kumi, ingawa joto hili halimfai.
Zimebaki mbili. Hizo nimeziweka akiba,
za homa,
au za asubuhi atakayokataa kuvaa viatu.